Msamaha wa Shuka

Baba alifungwa miezi mitatu kwa kosa la kuvaa shuka. Alikuwa kijana, ameshuka kutoka Ngorongoro na ng'ombe wawili kuja mnadani Karatu, siku zile sheria ilipokataza mtu kuonekana mjini bila suruali. Askari walimnyoa nywele zake ndefu za umorani, wakampeleka Oldeani kupalilia kahawa. Baadaye sheria ikafutwa. Leo mimi napokea wageni hotelini, sare yangu ni shuka nyekundu, na wageni hupanga foleni kupiga picha na mimi.

Mwaka jana tukaambiwa waliofungwa kwa sheria ile watasamehewa. Kulikuwa na fomu: nakiri kosa, naomba msamaha. Baba hajui kusoma. Nilimsomea mara mbili, naye akauliza, "Kosa gani?"

Nilikasirika. Nilijua vizuri kwamba anayesamehewa ni mkosaji, na mzee wangu alistahili kuombwa radhi. Lakini nilikuwa nagombea uenyekiti wa kijiji, na mpinzani wangu aliniita mtoto wa mfungwa kila alipopata wa kumsikiliza. Niliitaka ile karatasi kuliko nilivyomtaka baba mwenyewe.

Alikataa wiki mbili. Nikamnunia, nikamkataza mke wangu kumpelekea chai. Mwisho nikamwambia, "Ukifa bila huo msamaha, nitakuzika kama mfungwa." Aliniangalia, kisha akanyoosha kidole gumba nikipake wino.

Siku ya sherehe mgeni rasmi alimshika mkono akamwambia amesamehewa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote.

Tuliporudi nyumbani, majirani walikuwa wamejaa uani kunipongeza. Baba alipita pembeni, akainama kwa shida, akang'oa majani mabichi. Kwetu mkosaji humshikisha majani yule aliyemkosea, na yakipokelewa, basi kosa lilikuwepo na limekwisha. Akanijia mbele ya watu wote, akaninyooshea yale majani, akaniinamishia kichwa, jinsi watoto wetu wanavyowainamishia wakubwa wapate kuguswa kwa salamu.

"Mheshimiwa," akasema, "kosa nimeshakiri. Sasa nisamehe na wewe, kwa kukuzaa."

Ningeweza kuyakataa yale majani na kutangaza kwamba mzee huyu hakumkosea mtu yeyote, si serikali wala mimi. Majirani walikuwa wananitazama. Uchaguzi ulikuwa wiki iliyofuata. Nikayapokea.