Shaba Ilikotoka

Wallahi, nayaandika haya huku nimejifunika uso kwa leso.

Nafanya kazi kwenye maabara ndogo huku Changamwe. Mkuu wetu, Bi Rukia, anapachika silikoni kwenye kemikali za jamii ya benzini, na fahari yake yote ni kwamba hatumii chembe ya metali kama shaba wala paladi kuchochea kazi hiyo. Unga mweupe wa potasiamu unatosha. Mimi ndiye ninayeutayarisha.

Mwezi uliopita vipimo vikaanza kuonyesha shaba. Bi Rukia alikuwa karibu kuiwasilisha kazi yake mbele ya wenzake, akaniambia nitafute inakotoka. Nikabadilisha chupa zote. Nikaosha vyombo mara tatu. Nikawaandikia wauzaji wa unga barua kali, maskini wakaniomba radhi. Shaba ikazidi! Nikaanza kudhani nimerogwa.

Jana akaja kunitazama nikifanya kazi tangu mwanzo. Nikafungua chupa. Unga ulikuwa umeshikana mabonge kwa huu unyevu wetu, kama kawaida. Nikatoa kinu changu kwenye droo, nikatwanga taratibu.

"Zuhura."

"Abee, Bi Rukia."

"Hicho kinu umekitoa wapi?"

"Cha mama, nyumbani Mikindani. Nilikileta mwezi uliopita. Cha kutwangia iliki. Lakini nakisugua kwa ndimu kila siku, Bi, hakina hata harufu."

Akakiinua dirishani, na hapo ndipo nilipokiona vizuri: kinang'aa, shaba tupu, kuanzia mdomo hadi kitako. Mezani, barua ya wauzaji ya kuniomba radhi ilikuwa bado iko wazi.