Kuni Mbichi za Errol

Aprili ile, Errol Mosby alipoingia uani kwa Glenys Tolhurst, alikuwa amevaa kandambili. Glenys, aliyeuza kuni Adaminaby, mji mdogo wa milima yenye theluji kusini mwa Australia, tangu mumewe amkimbie na kumwachia lori lisilo na breki, alimtazama vidole vya miguu akajua papo hapo kwamba mgeni huyu katoka nchi ya joto, na bei haijui.

"Rundo lile kubwa, dada, unaliuzaje?"

"Lile bichi, limekatwa majuzi. Kavu ziko bandani, bei mara mbili."

"Kuni ni kuni bwana! Kwetu visiwani tunaokota ufukweni, tunawasha."

"Kwenu mnapika samaki tu. Hapa unaipasha joto nyumba nzima."

Errol akacheka, akabeba mbichi. Glenys alikwisha sema mara moja. Kusema mara ya pili hakuna anayelipia.

Kijana huyo alitoka visiwa vya Torres, kaskazini kabisa mwa Australia, akaja kufanya kazi ya kuchimba handaki la mradi wa umeme wa maji. Alipanga nyumba ya mbao ili mama yake, Dorcas, aliyebaki peke yake kisiwani, aje waishi pamoja. Mama alikubali kuja Julai, kuonja tu. Baridi ikimshinda atarudi kwao, na asiombwe tena.

Mei ikaingia na ukungu. Asubuhi moja Errol alifungua mlango akakuta kila unyasi umevaa sakitu, umande ulioganda, waya za uzio zimeota manyoya meupe, na mlima uliokuwa mbele ya dirisha haupo. Ng'ombe wa jirani walisimama wakipumua mawingu. Alitembea uani polepole, kama aliyeingia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Kisha, ili kuyeyusha barafu, akakimwagia kioo cha gari birika zima la maji ya moto, kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Dukani walimwita Bwana Birika.

Ndani, jiko la chuma liligoma. Magogo yalitoa povu kwenye ncha, yakazomea, yakafuka. Errol alilala na koti, akaota mawimbi.

Wiki aliyokuwa anakuja mama, alirudi kwa Glenys, sasa kavaa buti.

"Dada Glenys, kuni zako zinalia."

"Zangu? Zako hizo, Bwana Birika. Zangu ziko bandani, kimya."

"Mama anafika Ijumaa. Akiikuta nyumba vile, basi, nimemkosa."

Glenys aliyatazama mabega yake. Mabega ya handaki.

"Rudisha mbichi zote. Nakupa kavu za kumaliza baridi. Na wewe unanipasulia magogo kila Jumamosi mpaka theluji iishe."

"Lakini hizo mbichi nilizinunua!"

"Na mimi nitazilaza mwaka mzima zikauke. Bandani kwangu hapalalwi bure."

"Jumamosi nusu siku. Tena kwa shoka lako."

"Nusu siku. Shoka langu, unalinoa wewe."

Wakapeana mikono.

Ijumaa, Glenys alipopeleka mzigo wa mwisho, theluji ilianza kudondoka. Moshi mwembamba ulipanda wima kutoka kwenye bomba. Nyumba ilikuwa na moto wa kweli. Lakini mama alikuwa barazani, amejifunga mablanketi, mkono ameunyoosha nje.

"Mama, ingia, utaganda!" Errol aliita.

"Niache we! Nyumba ina moto, haikimbii. Hii inakimbia." Akakitazama kiganja kinavyolowa. "Yote hii inaanguka, na haisemi neno?"

Mapaa yakapotea, uzio ukapotea, barabara ikalala. Glenys, aliyeitukana theluji miaka yote, alizima injini ya lori. Alijiambia ni kuokoa mafuta. Alikaa pale mpaka kioo chake cha mbele kikawa cheupe chote.

Dorcas hakurudi kisiwani. Oktoba, theluji ilipoyeyuka na vijito kuanza kunguruma, alimtuma Errol akaombe kibali cha kukata miti iliyoanguka, kisha akasimamia mwenyewe kuni zikipangwa chini ya upenu, upande wa jua.

"Mwanangu hanunui tena," alimwambia Glenys aliyepita kuulizia kama watataka kuni za mwaka ujao. "Wewe mama unauza huku unatabasamu. Nakuogopa."

"Chai je, mnatoa?"

"Chai ipo. Ingia."

Glenys akanywa vikombe viwili, akihesabu moyoni: banda limejaa kuni zilizopasuliwa na mtu mwingine, na mnunuzi mzuri wa majira ya baridi ndiye huyo kaenda. Errol alikuwa nje, anapanga. Alipoteza kioo na Jumamosi zake. Lakini ndani, mama yake alikuwa anauliza theluji inarudi lini.