Nilitia Chumvi Kwenye Blanketi la Farasi

Bwana Mhariri, nakuomba jina langu ulifiche, na la kijiji pia, maana huku gazeti moja husomwa na nyumba kumi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, nimezaliwa upande wa Tukuyu, nikaolewa huku Iringa, karibu na Mafinga. Nina mtoto mmoja wa kike, ameanza kusimama dede. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo makosa ya kuandika mnisamehe. Kosa nililokuja kuwaeleza si la kuandika.

Mume wangu ni saisi, anatunza farasi wa Mzungu mwenye shamba. Wazungu wa mashamba hukutana mara chache kwa mwaka kushindanisha farasi wao, na watu wetu nao, nje ya ua, huwekeana dau. Wengi hukisia tu, huyu kwa rangi, huyu kwa sababu bwana wake ni mkali. Mume wangu hakisii. Wiki ya mashindano farasi wote hulala katika banda letu, naye hungoja siku wanapokimbizwa kwa mazoezi. Wakivuliwa matandiko, hachunguzi miguu wala meno, huchukua blanketi lililokuwa chini ya tandiko, akaonja jasho. Anasema farasi aliyeiva jasho lake ni jepesi kama maji, na ambaye hajaiva huacha povu zito lenye chumvi kali. Tena hachezi mbio zote, hucheza zile za majike tu, maana ndizo anazozijua. Kwa njia hiyo tulipata mbuzi wawili na baiskeli, nami nilimsifu.

Lakini ulimi wake mwenyewe umekufa kwa ugoro, hautambui tena chumvi. Kumbe mwenye ulimi ni mwanamke anayefua yale mablanketi, mjane, amenizidi miaka kama mitano hivi. Nitamwita Dobi. Siku moja nilipeleka chakula, mtoto mgongoni, nikawakuta wameinama juu ya blanketi moja. Mume wangu akapitisha kidole kwenye jasho, akamnyooshea, naye akakionja kidole kile kile kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumbani kwake. Wala hawakushtuka kuniona. Dobi alinisalimu vizuri, "Kamwene, mdogo wangu," akamshika mtoto shavu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hawakushtuka. Laiti wangeshtuka ningejua la kusema.

Nilipomwuliza mume wangu alicheka, akasema ile ni kazi, na ulimi kama ule hakuna Iringa nzima. Mimi mume wangu hajapata kunisifia hata ugali. Mtoto alipoota jino la kwanza ni mimi niliyemwonyesha, lakini Dobi akipata mafua yeye anajua tangu asubuhi. Kisimani jirani mmoja akanichoma mbele ya wenzake: "Usilie, mama. Mwenzio ni ulimi, wewe ni tumbo. Mwili ni mmoja." Walicheka, na mimi nikacheka, nikarudi nyumbani na ndoo nusu.

Mashindano yaliyofuata, siku ya mazoezi, Dobi alipokwenda kutafuta kuni, nilikoroga chumvi kwenye maji, nikalinyunyizia blanketi la farasi jike mwekundu ambaye mume wangu alikuwa akimsifu mwezi mzima. Nilitaka Dobi akosee mara moja tu, basi. Sikufikiri mbele. Dobi akaonja, akasema huyu bado, mwacheni. Mume wangu akaweka baiskeli kwa jike mwingine. Yule mwekundu akawaacha wenzake mbali.

Mume wangu hakumpiga mtu. Alimwambia Dobi mbele ya masaisi wote, "Wamekununua," na neno likamfikia nyapara, Dobi akaambiwa aache kazi. Sasa anauza viazi vya kuchemsha Nyololo, kando ya barabara. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga. Nilidhani amejua. Akakaa, akampakata mtoto, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, hivi ulimi wa mtu huweza kuzeeka kabla ya mwenyewe?" Nilimjibu sijui.

Tangu hapo mume wangu anarudi mapema, anambeba mtoto, na jina la yule mwanamke halitaji tena. Ananifundisha mimi kuonja jasho, anasema nitaweza. Bwana Mhariri, nilichokitaka nimekipata, na ninakipenda, siwezi kusema uongo. Ila mtoto akicheka mikononi mwa baba yake namkumbuka mwenzangu yuko barabarani, watu wanamwona msaliti, na yeye mwenyewe hauamini tena ulimi wake.

Nataka kusema. Naamini mume wangu ana moyo, huenda akanisamehe, na mwenzangu akarudishiwa kazi yake. Ninyi mliokaa na waume miaka mingi, nishaurini, nifanye nini? Maana nikisema, itampasa mume wangu aende Nyololo kumwomba radhi, na mimi, hata sasa ninapoandika, sitaki aende peke yake.