Marafiki Wengi kwa Mchana Mmoja

Juzi, nikiwa nimejifungia ndani kama kawaida yangu, nilimsikia mtoto wa jirani akikariri somo lake la Kiingereza: mbuzi wachache, marafiki wengi. Nikacheka peke yangu. Hata mimi niliwahi kuwa na marafiki wengi, kwa mchana mmoja.

Nilikuwa mtoto; tulikuwa tumerudi kwetu Koboko kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, mimi na bibi tu, na darasani hakuna aliyenisemesha. Mwalimu aliponiinua nitunge sentensi ya Kiingereza yenye wingi, nikasema nina marafiki wengi. "Sahihi kabisa!" akasema, na darasa likanipigia makofi. Sikujua kwamba ni zoezi tu. Kwa akili yangu ile, mwalimu akishasema sahihi, basi imekuwa.

Nikakimbia nyumbani kumwomba bibi akaange karanga nyingi, kuna wageni. Harufu ikajaa uani. Nikatandika mkeka, nikangoja, nikisikia wenzangu wakigombania mpira kule barabarani, mpaka jua likaanza kupoa.

"Sasa watu yako iko wapi?" bibi akauliza.

"Iko njiani, bibi."

 Bibi aliketi mkekani, akaanza kula karanga kwa mikono miwili, kama umati wa wageni.