Kilemba Juu ya Picha

Watu wakiniuliza kwa nini siingii tena mchangani, kule jangwani, huwaambia mgongo. Dereva wa watalii wa umri wangu akisema mgongo, hakuna wa kumbishia. Mgongo wangu, alhamdulillahi, mzima. Siku hizi nawachukua wageni Nizwa, nawaonesha ngome na mnada wa mbuzi wa Ijumaa, napita nao Birkat al Mauz wakapige picha migomba na maji ya falaji, ile mifereji ya kale, kisha nawarudisha hotelini kabla ya Magharibi. Migomba haina cha kuficha. Ipigeni mpaka mchoke.

Jina langu Hafidh Mkadam, mtu wa Ibra, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Baba alituleta huku Omani nikiwa na miaka tisa, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: nilijua kusoma Yasini lakini sikuweza kuomba maji ya kunywa. Watoto wa mtaani walinicheka hadi nikawa sitaki kutoka nje, na nilipotoka nilitoka kupigana. Hasira hizi hazikuanza jana.

Aliyenitoa katika hali ile ni mwanamke wa Kibedui aitwaye Ghaniya. Ibra kuna soko la wanawake kila Jumatano, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake. Mwanamume akikatiza pale hutazamwa kama mwizi. Mama alikuwa akiuza visheti na mkate wa ufuta. Ubavuni pake alikaa Ghaniya, aliyekuja kutoka mchangani kuuza barakoa alizozishona kwa mkono. Nasema barakoa, si kile kitambaa cha Korona. Hii ni barakoa ya asili, ngumu, yenye ukingo unaosimama juu ya pua, na mwanamke wa Kibedui akishaivaa haivui mbele ya mwanamume wa kando mpaka anaingia kaburini. Mama hakujua Kiarabu, Ghaniya hakujua Kiswahili. Wakawa mashoga wa kufa na kuzikana. Walikuwa wakicheka asubuhi nzima, na mpaka leo sijui walichokuwa wakikicheka.

Shule zilipofungwa nikapelekwa kwa Ghaniya. Mumewe, Khalaf, ndiye aliyenifundisha mchanga: wapi umeshikana na wapi utakumeza, matairi yapunguzwe upepo kiasi gani, tuta lipandwe vipi bila ya pupa. Na hakukicheka Kiarabu changu hata siku moja. Akinisahihisha, husema neno lile vizuri katika maneno yake mwenyewe, kama kwamba si mimi niliyekosea. Mkitaka kujua kwa nini nyumba ile nilikuwa tayari kuifia, ni hilo.

Nilipoanza kazi ya kuongoza wageni, Khalaf alikuwa ameshafariki, na Ghaniya amebaki na binti yake Hajar katika nyumba ya makuti pembeni mwa Ramla, jangwa letu la mchanga. Nimewachukua Wajerumani, Wataliani, Wajapani. Mmoja aliniuliza mchanga huu wote umeletwa na kampuni gani. Bibi mmoja alilia kwa furaha alipoliona tuta la kwanza, akalia tena alipoambiwa choo kiko nyuma yake. Niliwapenda, wallahi. Mtu anapoona kitu kwa mara ya kwanza hata wewe uliyekichoka unakiona tena. Na wote niliwapitisha kwa Ghaniya wakanywa kahawa na kula tende.

Lakini hakuna aliyeingia hivi hivi. Nikifika nilisimama mbali na mlango, naye akauliza kutoka ndani, "Hafidh, hao ulio nao wamo katika wajihi wa nani?"

Nami nikajibu, "Wamo katika wajihi wangu."

Kwa Mabedui hilo si neno la kupamba mazungumzo. Ukimtia mtu katika wajihi wako, uso wako ndio dhamana. Akiiheshimu nyumba, wewe umeiheshimu. Akiivunjia heshima, wewe ndiye uliyeivunja, na usije ukasema hukujua. Sharti la Ghaniya lilikuwa moja tu: wanawake wa pale hawapigwi picha, wakiwa na barakoa au wakiwa hawana. Wageni niliwaambia garini, nikawaambia tena mlangoni, na aliyenuna nilimwacha anune.

Sasa huyu Abeer. Jina lake la kwao lilitushinda kutamka, Ghaniya akampa la Abeer na sote tukalifuata. Alikuwa mwanamke wa Kiholanzi, kazi yake kupiga picha. Alikuja msimu mmoja wa baridi, akarudi uliofuata, akawa haruki mwaka. Alijifunza Kiarabu, alikula kwa mkono, aliwakamua mbuzi vibaya na akakubali kuchekwa. Ibra hakulala hotelini, alilala kwetu. Mke wangu Kudura alimpikia mkate wa kumimina na kumpa khanga za kwenda nazo Ulaya, naye akimwita dada. Mchangani alilala upande wa wanawake, mimi nikibaki nje na gari langu kama inavyopasa. Kamera yake ilikuwa ikipiga matuta, mbuzi na nyayo za mende. Nilikuwa nikijisifu kwa madereva wenzangu: "Nyinyi wenu watalii. Wangu mimi ni ndugu."

Baridi yake ya mwisho ilikuwa ngumu kwetu. Mama alikuwa amepooza, hatoki kitandani, na Ghaniya kule mchangani alikuwa amevunjika nyonga. Wakawa hawaonani. Mama kila alfajiri alikuwa akiuliza kama leo Jumatano. Abeer alikaa naye akimkanda vidole, mama akimhadithia habari za soko kwa Kiswahili na mimi nikifasiri. Kisha nikampeleka Abeer kwa Ghaniya kama kawaida. Nikaulizwa kama kawaida, nikajibu kama kawaida. Akarudi kwao. Mama akafariki haukupita mwezi. Hajar peke yake ndiye aliyekuja matangani, kwa sababu mama yake bado alikuwa hawezi kusimama. Abeer alituma salamu za rambirambi ndefu, nzuri, Kudura akazilia. Baridi iliyofuata hakuja. Tukasema labda kazi zimemzidi.

Mwaka jana nilipeleka mume na mke, Wafaransa, katika kambi mpya ya kifahari iliyofunguliwa mchangani, ile ambayo kila hema lina kiyoyozi na bafu la marumaru. Nikaingia nao mapokezi. Ukutani, nyuma ya meza, ilitundikwa picha kubwa kama mlango: bibi mzee wa Kibedui, uso wazi, nywele nyekundu kwa hina, jino moja la mbele hana, anacheka kwa kicheko cha mtu aliyekumbushwa jambo. Sikumjua. Nilimtazama kama mtu yeyote anavyotazama picha, na nikakiri moyoni kuwa ni nzuri. Nami nikacheka kidogo.

Kisha nikaiona mikono. Pete ya fedha kidole cha shahada, na kovu la moto juu ya kiganja. Mkono ule ndio ulionilisha tende tangu nina miaka tisa. Uso wake nilikuwa sijapata kuuona maishani mwangu, na nimekuja kuuona kwenye ukuta wa hoteli, pamoja na madereva waliokuwa wamekaa chini yake wakinywa chai.

Nikageuka nikautazama mlango. Nikamwita meneja, kijana wa Maskati anayeitwa Maen, mwenye adabu zake.

"Ishusheni hii picha."

"Ammi Hafidh, tumeinunua kwa mwenyewe. Kila kitu halali, na karatasi tunazo."

"Mwenyewe nani?"

"Mpiga picha. Yule bibi wa Kiholanzi."

"Mwenyewe ni huyo anayecheka hapo," nikamwambia, "na yeye hajakuuzia kitu."

Akasema atawauliza wakubwa. Mimi sikuwa na muda wa wakubwa. Nilivua kilemba changu, nikapanda juu ya kiti, nikakikunjua nikaifunika picha kutoka paji la uso mpaka shingoni. Mwanamume wa Kiomani kubaki kichwa wazi mbele za watu ni kama kubaki na shuka la kuogea. Madereva waliweka vikombe chini wakainamisha macho, wameshaelewa. Wafaransa wangu walidhani ni mila, wakanipiga picha. Picha ya ukutani iliteremshwa wiki ile ile, na kilemba nikaletewa kimefuliwa na kupigwa pasi. Adabu wanayo.

Nikatoka nje nikampigia Abeer. Alipokea haraka, sauti yake imechangamka.

"Hafidh! Kudura hajambo?"

"Umefanya nini kwa Ghaniya?"

Akasema, "Umeiona. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Pale wanakuja wageni tu, nani atamjua?"

"Madereva wote wa mkoa wa Sharqiyah wanakunywa chai pale!"

"Mimi sikumlazimisha. Alivua mwenyewe, akacheka mwenyewe. Muulize."

Nikamwambia maneno ambayo Kudura hayaruhusu nyumbani kwake. Akakata simu. Nimelia mara chache katika utu uzima wangu, na moja ni pale, nimeegemea gari lenye joto la adhuhuri, kwa ghadhabu, kwa sababu mtu aliyekula nyumbani kwangu aliniambia *muulize* kama kwamba nilikuwa sina haki ya kukasirika. Nilimchukia. Bado namchukia, na Mungu anisamehe.

Kilichobaki ni kwenda. Aliyemtia mtu katika wajihi wake ndiye anayetakiwa kuipeleka habari mbaya, kabla haijafika kwa mdomo wa mwengine. Ikitangulia, hana tena la kusema. Nikapunguza upepo wa matairi nikaenda, peke yangu, kichwa wazi.

Ghaniya alikuwa kivulini mbele ya nyumba, fimbo mapajani, barakoa usoni. Alinitazama kichwani.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu, mama."

Nikakaa mchangani mbele yake nikamweleza yote, ukuta, kambi, wanaume. Sikupunguza. Hajar aliyekuwa akipepeta ndani akaacha. Ghaniya alinyanyua mkono akaigusa barakoa yake, pembe hii na pembe hii, kama anayehakikisha ipo.

"Ni ile ya mama yako?" akasema.

"Picha gani ya mama?"

"Ile uliyomtuma Abeer aipige. Nilimwambia haiwezekani. Akasema, Hafidh ndiye anayeomba, mama yake yu kitandani, anataka kuuona uso wa shoga yake kabla hajafa, na picha hataiona mwengine. Nikamwambia Hajar anitie hina kwanza. Nikavua. Nikacheka kama tulivyokuwa tukicheka sokoni, ili anijue."

Mama hakupata kuiona picha yoyote. Alikufa akiulizia Jumatano. Na yule mwanamke aliyachukua maneno ya mgonjwa, yaliyopita katika kinywa changu mimi nikimfasiria, akayageuza ufunguo wa mlango wa Ghaniya.

Ghaniya aliinama mbele, fimbo ikaanguka, hakuiokota.

"Aliiona, Hafidh? Sikupata wa kumuuliza. Kila ukija unakuja na watu, na wewe mwenyewe husemi. Nikasema labda msiba unamuuma. Aliiona? Alicheka?"

Nilikuwa na majawabu mawili, na kila moja lilikuwa na mtu wa kumuua. Nikisema sikumtuma, uso wangu unasafika palepale. Na bibi huyu wa miaka themanini atajua kwamba alijitia hina akavua barakoa kumchekea mwizi, na shoga yake akaondoka duniani bila ya kumuona. Nikisema mama aliiona, basi picha ilikuwa mkononi mwangu, na aliyeitoa kwa wanaume ni mimi. Mimi ninayegombana na askari wa barabarani kwa kosa ambalo kweli nimelifanya.

"Aliiona," nikasema. "Alicheka mpaka akatokwa na machozi. Alisema lile jino lililong'oka, lenziwe bado hujaling'oa."

Akacheka. Nilikisikia kicheko nyuma ya barakoa, kidogo, na mabega yakamtikisika. Alikaa nacho muda, akiitazama njia ya kwenda Ibra. Halafu kikamwisha.

"Na alipokufa," akasema taratibu, "ndiyo ukawapa wanaume."

Hakuwa akiuliza. Nikaiokota fimbo yake nikamwekea mapajani.

Katika nyumba ile sijapata kuletewa kahawa. Birika hukaa motoni pale nje, nami tangu utotoni huchukua kikombe nikajimiminia, na kama kimechafuka hukiosha mwenyewe. Siku ile nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka motoni.

"Hajar," Ghaniya aliita, "mgeni hajapewa kahawa."

Hajar akatoka, ameshusha shela yake mpaka chini ya macho kama afanyavyo kwa Wajerumani. Alinimiminia kwa mkono wa kushoto na kunipa kwa wa kulia, akasimama kando akingoja. Nikanywa. Nikakitikisa kikombe, kama mgeni anavyokitikisa kuonesha ametosheka, na Hajar akakipokea.