Taa za Mchana

Kwetu milimani, gari lililowasha taa mchana lilikuwa limebeba maiti. Hakuna aliyetufundisha, tulikua tukijua. Ukiona taa mbili zinakuja na jua liko juu, unavua kofia. Mwanamke anatua mzigo wake na kuchutama pembeni mpaka gari lipite. Kwa hiyo pikapu ya kijiji ilipoanza kukataa kuzima taa, ubovu ule ulitutisha, ingawa dereva aliufanyia mzaha.

"Fundi," aliniambia, "gari lako linatangaza misiba ambayo haijatokea."

Gari halikuwa langu. Lilikuwa la kijiji, lilipatikana baada ya sisi sote kuhamishiwa kando ya barabara. Lilishusha kabeji na njegere mjini na kurudi na chumvi, kama chumvi ipo. Mimi nilikuwa fundi wake kwa sababu hapakuwa na mwingine. Niliacha shule darasa la sita, mwaka mama alipomfuata baba kaburini, nikashuka Morogoro kujifunza umeme wa magari kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na gereji nyuma ya duka lake. Nilirudi kabla sijajua yote, maana mjomba alikuwa ameshaanza kuwagawa wadogo zangu watatu kwa ndugu, mmoja huku, mmoja kule. Nikamwambia watakaa nami. Wakakaa.

Ubovu ule niliutafuta kwenye swichi. Niliichomoa nyuma ya dashibodi, nikaisugua kwa msasa, nikavutavuta nyaya zake, nikairudisha. Taa zikazima. Nikajisifu moyoni. Sikujiuliza kama swichi ndiyo iliyopona au ni nyaya tu zilizotikisika nilipokuwa nikizivuta. Yule mzee wa gereji angeniuliza.

Wiki haijaisha, mdogo wangu anayenifuata akashikwa na homa. Alikuwa amemaliza darasa la saba na jina lake lilikuwa limetoka kwenda sekondari, wa kwanza katika nyumba yetu. Siku ya tatu shingo ikakakamaa. Mganga wa zahanati alimgusa mara moja tu, akasema apelekwe mjini sasa hivi. Tulimtandikia magunia nyuma ya pikapu, nikakaa naye, kichwa chake mapajani mwangu.

Taa zilijiwasha kwenye mteremko wa pili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nyuma, sikuziona taa, niliona watu. Mzee aliyekuwa akipalilia kando ya njia alivua kofia. Mbele kidogo wanawake wenye matenga walitua, wakachutama, na mmoja akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha msiba.

Mdogo wangu akafumbua macho. "Kaka, nani amekufa?"

"Hakuna. Taa zimejiwasha."

Kwenye kona iliyofuata wakalia wengine.

"Waambie mimi bado," akasema.

Nikagonga paa. Tulizifunga taa kwa gunia, lakini mashimo ya barabara yakalivua kabla hatujafika mtoni, na pale mtoni kulikuwa na watu wengi. Safari hii walipolia, mdogo wangu aliziba masikio. Nikagonga paa tena.

"Twende, fundi," dereva alisema. "Taa haziui mtu."

"Nipe dakika mbili, mzee."

"Zivunje kwa jiwe basi, tuondoke."

"Tutapata wapi nyingine?"

Akaguna, akawasha sigara. Nilichomoa swichi nzima, nikaishika mkononi, na taa zikaendelea kuwaka. Basi haikuwa swichi, wala haikuwahi kuwa. Nikafungua boneti, nikafuata nyaya kwa vidole mpaka kwenye tundu la bati zinapopenya kuingia kwa dereva. Lile tundu lilikuwa limepoteza mpira wake wa kukinga nyaya. Nyaya zilikuwa zikicheza pale na kusuguana kwa miezi, na sasa waya wa betri na waya wa taa zilikuwa zimelaliana, shaba kwa shaba. Niliukata wa taa, nikafunga ncha kwa utepe mweusi, nikairudisha swichi mahali pake.

Ningeweza kukata waya wa taa tangu mwanzo, pale pale mbele unapoingia kwenye taa, kwa sekunde chache. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka kuujua ubovu. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi na sijapata njia nyingine ya kulisema. Nilipofunga boneti dereva alikuwa akikanyaga kishungi cha sigara ya pili.

"Zimezima," nikamwambia mdogo wangu.

"Ahsante, kaka."

Kutoka pale watu walitupungia mikono. Yeye alifumba macho, na tulipopita njia panda ya Mzinga nilimwita hakuitika. Hospitalini walimpokea akiwa bado anapumua. Jua lilipokuwa linazama muuguzi akanijia nje, akasema tumechelewa kumleta. Hakusema tumechelewa kwa kiasi gani, nami sikumuuliza.

Tulimrudisha asubuhi yake, amefungwa kwenye shuka, juu ya magunia yale yale. Tulipoanza kupanda mlima, dereva alivuta swichi ya taa. Aliivuta tena. Kisha akanitazama kwenye kioo.

Kwenye kona ya kwanza wanawake walikuwa wamesimama katikati ya njia, wakicheka na kupunga khanga.

"Mzee! Leo mmetuletea sabuni?"

"Sabuni ya wapi! Hao wanaleta mikutano tu!"

Mmoja wao alikuwa yule aliyelia jana. Alikuja mpaka ubavuni mwa gari, tenga kichwani, anacheka, akataka kuchungulia nyuma. Nikaruka chini kabla hajachungulia.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Ngoja kidogo."

Nikafungua boneti mbele yao. Nikautoa utepe, nikazisokota zile ncha kwa vidole, nikazirudisha kwenye lile tundu, nyaya zikalaliana kama zilivyokuwa. Taa zikawaka.

Kicheko kikakatika. Yule mama alinitazama, akazitazama taa, akalishusha tenga lake taratibu.