Vyumba Sitini na Vinne

Kule maabara walimwita Bi Kimya, kwa kumtania tu, maana mwanamke yule alikuwa na mdomo, we acha! Ukigusa meza yake bila glavu utasemwa mpaka ujute kuzaliwa. Lakini kazi aliijua. Kwa miaka kumi na tisa alitega seli za damu kwenye kibao cha kioo chenye mifereji myembamba kuliko unywele na vyumba sitini na vinne. Kila chumba seli moja, ikiwa hai. Halafu anabonyeza kitufe, umeme unapita, seli inapasuka, na mashine inasoma vinasaba vilivyomwagika. Ikifa yenyewe kabla ya hapo, hakuna cha kusoma.

Siku hiyo damu iliyokuwa kibaoni ni ya kaka yake. Ilitolewa wodini asubuhi. Saa nne kaka akakata roho. Binti wa marehemu, mtoto wa miaka tisa, naye alishaanza kuvilia damu mwilini kama baba yake, na daktari alisubiri majibu ya damu hiyo ili ajue dawa ya kumpa.

“Dada, nenda nyumbani,” mkuu wa maabara alimwambia. “Nitazipasua mimi.”

“Wewe? Na mikono hiyo inayotetemeka kama umeshika kuku? Utaniulia mtoto. Hebu toka!”

Akabaki peke yake. Akainamia hadubini. Kwa kawaida seli hutulia katikati ya chumba. Hizi zilikuwa zinatambaa. Vyumba vyote, zimejivuta upande mmoja, upande aliokaa yeye. Zinafuata joto la taa, akajisemea. Akaihamishia taa upande wa pili, akakigeuza na kibao. Akasubiri. Taratibu, moja baada ya nyingine, zikageuka zikamrudia.

“Jamani, kaka,” akanong'ona. Alimwogopa, na alimpenda. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. “Nisamehe. Ni kwa ajili ya mwanao.”

Akapiga moyo konde, akabonyeza. Chumba cha kwanza kikawa kitupu. Akaenda hivyo hivyo, kimoja kimoja, machozi yakiingia ndani ya barakoa. Zilizobaki hazikumkwepa. Zilibanana ukutani zikimwelekea, kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

Ya mwisho ilimshinda. Kidole kiligoma kabisa. Akaitazama ikijinyoosha kumfuata, ikijikunja, ikijinyoosha tena, polepole zaidi kila mara. Ilikuwa inachoka. Akafumba macho, akabonyeza.

Simu ikaita. Ni mke wa kaka, sauti imemkauka kwa kulia.

“Wifi, wanajaza cheti hapa, na mimi kichwa hakinifanyi kazi. Kaka yako amefariki saa ngapi?”

“Sasa hivi,” akajibu.

“Unasemaje?”

Akakitazama kibao. Akavua glavu.

“Saa nne, wifi. Waambie waandike saa nne.”